Tandiko la Kiveti

Gunia la mwisho la katani lilipobaki robo, Kathini alianza kuchota kwa kikombe cha chai badala ya viganja. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa amekulia katika nyumba ambayo unga hupimwa namna hiyo kila mwezi wa tisa, mahindi yakiwa yamekwisha na mvua bado iko mbali, na mkono wake ulijua wenyewe wakati wa kubana.

Katani hiyo haikuwa ya kamba wala ya magunia. Yalikuwa mabua yake ya ndani, yamekatwakatwa vipande vidogo, meupe ya kuelekea manjano, na yalinukia nyasi kavu iliyopigwa na jua la saa nane. Mzee Rashid alikuwa ameletewa magunia matatu na rafiki yake Mzungu aliyefuga nyoka kwao. "Mmea huu ni ndugu wa bangi," Mzee alimweleza siku ya kwanza, akicheka, "lakini ndugu aliyeokoka. Hata panzi akila haya mabua hasikii kitu." Kazi ya mabua ilikuwa moja tu, kutandikwa chini ya nyoka. Yalinyonya mkojo, hayakutoa vumbi, na nyoka akijipenyeza ndani yake alipotea kama mtu aliyejivuta blanketi hadi kichwani.

Nyoka wenyewe walikuwa kumi na wanne, katika nyumba ndefu ya mabati kando ya barabara kuu pale Kambu. Wasafiri wa Mombasa walisimama kununua vitunguu na matikiti, wakaona kibao, wakaingia na watoto wao kupiga mayowe kidogo, wakaendelea na safari. Kibali cha kufuga kilikuwa ukutani, kimefunikwa kioo. Mzee Rashid alikuwa mtu wa Kitui mjini, wa ukoo uliotoka Pwani zamani ukiuza nguo, na tangu ujana wake watu walimwita Rashid wa Nyoka, naye akaitika.

Kathini alikuja hapo kufagia na kuwakatia wageni tikiti za kuingilia. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na shule aliiachia darasa la nane kwa sababu karo ya sekondari haikupatikana. Lakini mtu anayefagia mahali pamoja miaka mitatu huona mengi kuliko anayepita na karatasi mkononi. Aliona ni nyoka yupi hali panya mweupe mpaka azimiwe taa. Aliona macho yao yakigeuka maziwa siku chache kabla ya kujivua gamba. Alikuwa na daftari la mistari mikubwa, na humo aliandika yote, kwa herufi za kusimama wima kama fito za ua.

Mwezi wa kumi ulipoingia, Mzee Rashid alipanga kwenda Kitui. Binti yake Nusaiba alikuwa anaolewa, na arusi yao si ya siku moja.

"Siku kumi na mbili, mwanangu," alisema, akifunga mkoba. "Hawa wengine ni maji na panya, wewe wajua. Wa kuangaliwa ni Kiveti."

Kiveti alikuwa nyoka wa kahawia, mwembamba, urefu wa mkono wa mtu, mwenye mistari miwili ya maziwa shavuni. Hana sumu. Ndiye yule nyoka anayeingia nyumbani kufuata panya, na kila boma la Ukambani limewahi kumwua mmoja wake kwa mpini wa jembe. Mzee alimpa jina hilo, ambalo kwa Kikamba ni mwanamke aliyeolewa, kwa sababu alikuwa mtulivu na mwenye nyumba yake. Sasa alikuwa amejaa mayai. Ukimtazama kutoka ubavuni uliyaona yamepangana chini ya ngozi.

"Nimepata kijana wa diploma anataka kazi ya utunzaji hapa," Mzee aliendelea. Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililomfanya Kathini asikilize zaidi. "Nimemwambia angoje. Kiveti akitaga salama mkononi mwako, sitamwita. Kazi itakuwa yako, na mshahara wake. Akiharibikiwa sitakulaumu, lakini nitajua bado hujawa tayari."

"Na katani, Mzee? Haitoshi."

"Weka magazeti."

Akaenda.

Kathini aliweka magazeti. Siku tatu zilitosha kuonyesha kuwa Kiveti hakuyataka. Alizunguka sanduku lake la kioo mchana kutwa, akitafuta pa kujificha, akisugua pua pembeni mpaka ikawa nyekundu. Nyoka anayetaka kutaga hutafuta mahali palegevu, penye unyevu kidogo, pa kujichimbia. Asipopapata hujizuia, na mayai yakikwama tumboni humwua. Hayo Kathini aliyasikia kwa Mzee na aliyaandika. Alimmwagia katani yote iliyobaki. Ikafunika chini kiasi cha kidole kimoja, basi.

Akaanza kujaribu vya hapa hapa. Maganda ya mahindi yaliota ukungu siku ya pili. Mchanga wa mto ukilowa uligandamana kama saruji. Takataka za mbao kutoka kwa fundi zilikuwa na harufu kali iliyomtoa yeye mwenyewe machozi, sembuse kiumbe anayenusa kwa ulimi. Alifikiria mkonge, kwa kuwa mkonge ndio ndugu wa katani tulio nao, lakini nyuzi ndefu zingemzonga nyoka shingoni, na utomvu wa majani mabichi huwasha. Kila mwanamke aliyewahi kukwangua mkonge wa kusuka kiondo anaijua ile alama nyekundu ya kwenye mikono.

Jioni moja akirudi nyumbani juu ya kilima, alikaa kwenye tuta kutoa mwiba kiatuni. Kando yake palikuwa na mlingoti wa mkonge ulioanguka, ule mti mrefu unaochomoza katikati ya mkonge mzee, ukatoa maua, kisha mkonge wenyewe ukafa. Watu huukausha wakajengea mazizi na ngazi, maana ni mwepesi. Kathini aliuvunja bila kufikiri, kama mtu anavyovunja kijiti akiwa na mawazo. Ndani palikuwa peupe, laini, kama mkate uliokauka. Akanusa. Nyasi kavu, jua la saa nane.

Alibeba kipande nyumbani. Akakitwanga kwenye kinu cha mama yake, akapepeta kwa uteo, vumbi likaenda na upepo. Akaweka kijiko kimoja ndani ya kisahani na kumwagia maji: yalinyonywa yote. Alikiacha siku mbili dirishani. Hakikunuka, hakikuota kitu. Alijisugua nacho sehemu laini ya ndani ya kiwiko, akangoja kutwa. Hakikuwasha.

Tatizo likawa wingi. Saa nzima ya kutwanga ilimpa kikombe kimoja na nusu. Sanduku la Kiveti lilihitaji ndoo mbili, na wale wengine kumi na watatu walikuwa wamelala juu ya habari za siasa.

Ndipo alipofikiria mwethya. Huku kwetu, wanawake wa mteremko mmoja hufanya kazi kwa zamu: leo wote tunachimba matuta kwako, wiki ijayo kwangu. Hakuna anayelipwa. Mwenye zamu hupika, wengine hula, na deni ni la jembe kwa jembe. Zamu ya wiki ile ilikuwa ya mama yake, Muthoki, na Muthoki alikuwa ameingojea tangu mwezi wa sita ili tuta la chini lichimbwe kabla mvua haijalibomoa kabisa.

"Mwaitu," Kathini alisema, akimwita mama yake wakiwa wanachambua kunde, "nikikuomba zamu yako utanipa?"

Muthoki hakuinua macho. "Ya nini?"

"Kutwanga milingoti. Ni ya kutandika mifugo ya Mzee Rashid. Katani yake imeisha."

Nyuma ya nyumba ile ya mabati Mzee alifuga kuku na sungura, na kila mtu aliwajua. Kathini aliliacha neno mifugo limkalie mama yake mahali lilipotaka. Muthoki alikuwa mama wa kanisa, tena wa mstari wa mbele. Alijua bintiye anakata tikiti. Hakujua kwamba mkono uliokuwa ukichambua kunde zake ndio uliomshika Kiveti tumboni kuhesabu mayai.

"Tuta langu litaenda na maji," Muthoki alisema.

"Mzee akirudi nitakuwa na kazi ya kudumu, Mwaitu. Akipenda nilichofanya."

Mama alichambua viganja viwili zaidi. "Chukua. Lakini utapika wewe."

Walikuja wanawake saba, na mapanga na vinu vitatu. Walikutana kwa Wayua, bibi wa miaka sabini hivi ambaye wote walimwita Susu, yaani nyanya, kwa sababu uwanja wake ulikuwa mpana na ukuta wake wa zamani wa milingoti ulikuwa umeanguka wenyewe. Wawili walipasua, wanne wakatwanga, mmoja akapepeta. Mdundo wa michi uliingiana mpaka mtu aliyekuwa barabarani angedhani kuna posho ya arusi.

"Hawa kuku wa Rashid watalala pazuri kunishinda," alisema Mama Mulwa, aliyekuwa na mdomo kuliko wote.

"Wewe si uko na bwana wa kukutandikia?"

"Huyo? Huyo mwenyewe ndiye hulala juu ya mfuko wote wa godoro, mimi najibanza kwa ukuta kama mjusi!"

Walicheka mpaka mchi mmoja ukakosa kinu. Kathini alicheka nao, akapakua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, akajaza sahani kwa ukarimu wa mtu mwenye jambo moyoni. Mara mbili alifungua mdomo aseme. Mara mbili mtu alimwomba chumvi.

Kufikia saa kumi palikuwa na rundo la kuridhisha, jeupe, juu ya turubai. Lilihitaji jua la asubuhi moja tu kabla ya kutiwa magunia. Kathini alilifunika na kwenda kuwapa nyoka maji. Kiveti alikuwa amejivua gamba siku mbili nyuma. Nyoka mwenye mayai hutaga kama wiki moja baada ya hapo, kwa hiyo zilibaki siku tano.

Asubuhi alipofika kwa Susu, harufu ilimpokea langoni.

Alisimama. Alifikiri ni koroboi iliyomwagika jikoni. Akasogea, akafunua turubai, akachota kiganja, na pua yake ikamweleza kila kitu.

Susu Wayua alitoka na kikombe cha uji, uso umejaa wema. "Umeona nilivyokusaidia? Wewe mtoto unaacha rundo kama hilo inalala nje! Hujui rundo laini inaita nini? Nikaamka nikasema, hapana, hii kazi ya watu haitaharibiwa. Nikaimwagia mafuta ya taa yote ya chupa. Yote! Hakuna nyoka atakanyaga hapo mwaka mzima."

Kathini alikaa juu ya kinu kilichoinamishwa. Alitaka kulia, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko kidogo kibaya, kama kikohozi.

"Nini?" Susu aliuliza. "Nimekosea?"

Angeweza kusema kuku nao hawapendi mafuta ya taa. Uongo mwingine mdogo, juu ya ule wa kwanza, na Susu angesikitika, na pengine wangetwanga tena kidogo. Kathini alimtazama yule mama mzee ambaye alimaliza mafuta ya wiki nzima kwa ajili yake, na atakaa gizani kwa sababu hiyo.

"Susu, ni ya nyoka."

"Ndiyo, ndiyo maana nimewafukuza."

"Hapana. Lile tandiko. Si la kuku. Ni la kulaza nyoka. Kuna mmoja anataka kutaga, na mimi ndiye namtunza. Namshika kwa hii mikono."

Kikombe cha uji kilishuka taratibu mpaka kikakaa juu ya jiwe. Susu alimwangalia Kathini, akaangalia rundo, akaangalia mikono yake mwenyewe iliyopepeta kutwa nzima.

"Aiya!" alisema. Kisha akaita kwa sauti iliyovuka matuta matatu: "Muthoki! Wewe Muthoki! Kuja hapa! Mtoto wako ametutwangisha godoro ya nyoka!"

Sauti ya namna hiyo haiiti mtu mmoja. Kabla uji haujapoa, uwanja ulikuwa umepokea wanawake watano, wengine na leso za kulalia. Kathini alisimama akasema yote, kutoka diploma hadi daftari, bila kupamba. Alisema alijua wangekataa. Alisema hilo halikuwa sababu ya kuwaficha.

Mama Mulwa alichukua panga lake. "Mimi nimeokoka," alisema. "Nyoka alilaaniwa kwa Mwanzo, na mimi siwezi kumtandikia. Uniwie radhi, Kathini, chakula chako kilikuwa kitamu." Akaondoka, na mwingine akamfuata, akigeuka geuka kwa sababu alitaka kujua yatakayoendelea.

Muthoki alikuwa amesogea mbele. Alikuwa akitazama mikono ya bintiye.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwaka wa pili huu, Mwaitu."

"Na unakuja unanisukumia ugali na hiyo mikono."

"Naosha. Kwa sabuni, mara tatu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajinyamazisha.

"Mficha uchi hazai," Muthoki alisema. "Ungeniambia wiki jana ningekukataza, na ningekasirika siku mbili, halafu ningekuuliza huyo nyoka anataga lini. Sasa zamu imeenda, mafuta ya Wayua yameenda, na tuta langu iko vile iko." Akalitupia rundo jicho. Alipoendelea sauti ilikuwa imeshuka. "Anataga lini?"

"Siku nne. Pengine tatu."

"Na hiyo takataka haiwezi kuoshwa?"

"Haiwezi. Mafuta ya taa humwua."

Susu Wayua aligonga goti. "Basi mimi ndiye nitakuwa nimeua mayai ya mtu." Alisema mtu, na hakujisahihisha. Alisimama, akaelekea nyuma ya nyumba, akaanza kung'oa kitu kwa kelele. Walipomfuata walimkuta akibomoa uchaga wake wa kuanikia kunde, milingoti ya miaka kumi, mikavu mpaka ikalia kama debe.

"Susu, wacha! Utaanika wapi?"

"Nitaanika kwa paa. Wewe shika huko upande mwingine, usisimame kama posti ya stima."

Wakabaki watano: Susu, Muthoki, Kathini, na wanawake wawili ambao baadaye walisema walibaki kwa sababu ya Susu, si kwa sababu ya nyoka. Hakukuwa na mizaha ya mabwana safari hii. Palikuwa na maswali. Anakula nini? Panya. Anauma? Akishikwa vibaya, kama mtoto, hana sumu. Anajua mtu? Kathini alifikiri sana juu ya hilo. "Sidhani anajua mtu," alijibu. "Anajua mkono usio na haraka." Muthoki alipepeta bila kuinua uso, lakini upande wa sikio lake ulikuwa unasikiliza.

Saa nane walikuwa na magunia mawili. Hawakungoja jua la kesho, kwa kuwa uchaga wa Susu ulikuwa mkavu kuliko jua lenyewe. Muthoki alilibeba gunia moja kichwani hadi Kambu, akalitua nje ya nyumba ya mabati, na hakuingia.

"Siko tayari," alisema.

"Sawa, Mwaitu."

Kathini alitoa magazeti. Alimimina tandiko jipya kiasi cha shubiri moja, na kwenye kona aliweka bakuli la plastiki lenye tundu, amelijaza tandiko aliloliloweka na kulikamua mpaka likawa kama udongo wa kupandia. Kiveti alitoa ulimi mara nyingi. Alipita juu ya vile vipande vyeupe, akarudi, akapita tena. Kisha akainamisha kichwa na kuingia, polepole, mpaka mkia ukabaki nje kama kamba iliyosahauliwa, na mkia nao ukaingia.

Kathini hakumgusa siku hiyo wala iliyofuata. Kungoja alikujua vizuri. Alifagia, alikata tikiti, alijibu mtoto wa Nairobi aliyetaka kujua kama nyoka hupiga chafya. Siku ya tatu asubuhi alifunua kifuniko cha bakuli kiasi cha kidole, akaona kitu cheupe ambacho hakikuwa tandiko. Mayai tisa, marefu kidogo, yameshikana kama vidole vya mtu anayeomba. Kiveti alikuwa nje, mwembamba, kwenye bakuli lake la maji, akinywa.

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akatoa daftari na kuandika tarehe, na saa, na hesabu. Ile tisa akaifuta, akaiandika upya, wima zaidi.

Mzee Rashid alirudi Ijumaa, amechoka na arusi, akiwa na sanduku la halua na harufu ya udi kwenye kanzu. Hakumwuliza Kathini kitu. Alikwenda moja kwa moja kwa Kiveti. Alitazama mayai. Halafu alichota tandiko, akalisugua kwa vidole, akalinusa, akalimwagia tone la maji kutoka kwenye chupa yake.

"Hii katani umeitoa wapi?"

"Si katani, Mzee. Ni mlingoti wa mkonge."

Akachota tena. "Mimi namsumbua mtu wa Ulaya kwa barua, na hii inalala kwenye matuta yenu?" Alitikisa kichwa, akaanza kucheka, cheko la mtu anayejicheka. "Yule kijana nitampigia. Nitamwambia nafasi imejaa."

Kathini alishukuru kwa mikono miwili. Kisha akasema lililobaki, kwa kuwa siku hizo alikuwa ameonja kusema na hakutaka kurudi nyuma.

"Mzee, kuna deni."

"La wakina mama? Nitawapa kitu, bila shaka. Wangapi?"

"Hawapokei. Ilikuwa mwethya. Ukiwapa hela utakuwa umewatukana. Ni kazi kwa kazi. Mama alitoa zamu ya tuta lake la chini, na Susu Wayua alibomoa uchaga wake. Wanasema nyoka ni wa Rashid, basi jembe ni la Rashid."

Mzee alijitazama, kutoka kanzu hadi viatu vya arusi. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na maisha yake yote alikuwa ameshika vitu vyepesi: kitabu cha tikiti, mkasi wa kitambaa, nyoka.

"Wanasema hivyo?"

"Susu ndiye alisema. Wengine walicheka, lakini hakuna aliyekataa."

"Lini?"

"Jumatatu. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua."

Jumatatu watu wa Kambu waliona jambo la kusimulia wiki nzima. Rashid wa Nyoka alipanda kilima akiwa na suruali iliyokunjwa, kofia ya kitambaa kichwani na jembe jipya ambalo bado lilikuwa na karatasi ya duka. Mama Mulwa, ambaye hakumtandikia nyoka, alikuja kumwona akichimba, kisha kwa aibu ya kusimama bure akachimba naye. Saa nne viganja vya Mzee vilikuwa na malengelenge. Susu Wayua alimpakulia sahani kubwa kuliko zote na kumwambia kwa Kiswahili chake cha kukata, "Kula, Rashid. Na mafuta yangu ya taa usisahau. Chupa moja."

"Na uchaga, Bibi."

"Na uchaga. Lakini hiyo utaijenga baada ya chakula."

Kathini hakuyaona hayo kwa macho. Mama yake ndiye aliyemsimulia jioni, akiigiza Mzee anavyoshika kiuno. Asubuhi hiyo yeye alikuwa Kambu, peke yake na nyoka kumi na wanne na mayai tisa, na saa tatu basi la shule ya msingi lilisimama na kutema watoto arobaini wenye sare za kijani. Mwalimu wao alitazama ndani, akatafuta mtu mkubwa.

"Mtunzaji yuko?"

Kathini alifuta mikono kwenye leso. Aliwaangalia watoto mmoja mmoja, mpaka aliyekuwa akisukuma akaacha kusukuma.

"Ni mimi," alisema. "Ingieni wawili wawili. Na msigonge kioo. Huyu wa kwanza amejifungua juzi, bado anapumzika."